Kipepeo wa Mbigili Hapandi Baraza

La, si kweli kwamba nyuma ya nyumba ya Bibi hapana kitu. Mama kasema hivyo leo alasiri, amesimama mlango wa uani kwa mguu mmoja, anang'oa mbigili kwenye soli ya kandambili yake mpya. "Pana nini hapo? Mbigili na mavi ya mbuzi. Ua wenu huu tukiumwagia simiti mtaanika nguo vizuri, na jioni mtatandika mkeka mpunge upepo bila ya mtu kuchomwa." Nikamwambia pana vipepeo. Akacheka. Hakucheka vibaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Vipepeo, mwanangu? Si wataruka waende kwingine!"

Hawaendi kwingine. Hilo ndilo jibu langu, na nililitoa pale pale, lakini mimi nikijibu kwa mdomo huwa na haraka, maneno yanagongana, na Hamisi akapata nafasi yake. Hamisi ni mtoto wa mama yangu mdogo. Tumelelewa pamoja katika nyumba hii ya Bibi, Likoni, na sasa anafanya kazi kwenye makontena kule Kipevu. "Mwachie Bi Dudu vipepeo wake, Khale," akamwambia Mama, ambaye kwake ni mama mkubwa. "Huyu tangu zamani ana ukoo na wadudu." Fundi Katana, aliyekuja kuupima ua, naye akacheka, na yeye hanijui hata jina. Mifuko ya simiti Hamisi kaileta kwa lori la rafiki yake, imepangwa barazani chini ya turubai. Kesho kazi inaanza. Kwa hiyo naandika, maana karatasi hainikatizi.

Ile mbigili Mama aliyoing'oa aliitupa ikaangukia karibu na mguu wangu. Niliiokota, ninayo hapa. Ngumu kama jiwe, ina pembe kama za ndama, na nikiibonyeza kidoleni najikuta niko chini tena, kifudifudi kwenye ukoka, kidevu kimegusa mchanga, nimebana pumzi.

Wa rika langu wa huku mtakumbuka uwanja ule wa nyuma ya ua wetu kabla haujajaa nyumba za kupangisha. Mnakumbuka mpira na Maulidi. Mimi nakumbuka kipepeo. Si yule mkubwa wa rangi ya chungwa anayepita juu ya ua kama mtu aliyechelewa kazini. Wa kwangu ni mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Akifunga mbawa ni kijivu chenye vitone, ukimtazama huoni kitu, waona jani kavu. Akizifungua ni buluu, buluu ya kitambaa kipya kinachopigwa na jua. Na haruki juu. Hupepea chini ya magoti ya mtu, hatua chache, akatua kwenye ua la manjano la mbigili, akanyonya, akapepea tena akarudi pale pale. Mtu mzima hamwoni kwa sababu mtu mzima hatazami huko. Mbuzi anamwona zaidi kuliko diwani.

Nilikuwa na sababu ya kumtazama. Pwani hii nani asiyejua kwamba kipepeo akiingia ndani, mgeni yuaja? Kwa Bibi halikuwa jambo la mzaha. Kipepeo akivuka tu kizingiti, Bibi huongeza kibaba cha mchele kwenye ungo, akaniita, "We Riziki!" nami nikaitika, "Abee, Bibi!" "Fagia baraza, twaja pata watu." Na wallahi watu walikuwa wakija. Sasa nimekua najua kwamba nyumba ya Bibi haikuwa ikipitisha siku bila ya mgeni, kipepeo aingie asiingie. Lakini wakati ule niliona mambo yanakwenda sawa kabisa, na mimi mwenyewe nikayaongezea elimu. Siku moja aliingia kipepeo mweupe, jioni akaja ami yetu na kanzu. Siku nyingine aliingia wa manjano, akaja bibi mmoja kutoka Tiwi na leso ya manjano. Nikaona nimeshika siri ya nyumba nzima: kipepeo huja na rangi ya nguo ya mgeni wake.

Mama aliondoka kwenda kufanya kazi Uarabuni kabla sijaanza shule. Sikumbuki uso wake wa siku ile. Watu wazima walikuwa wamenizunguka, kila mtu ananibeba na kunishusha, na alipotoka nilikuwa chini katikati ya miguu. Nilichokiona ni pindo la gauni la buluu likichungulia chini ya buibui, likipanda teksi. Basi. Hiyo buluu ndiyo nilibaki nayo.

Baada ya hapo zilikuja kanda. Mtu akirudi kutoka huko alileta kanda, Bibi akaitia kwenye redio ya Ami, tukakaa mkekani kusikiliza. Mama alitusalimu mmoja mmoja kwa majina, akauliza habari za mbuzi, akauliza meno yangu, kisha mwisho wa kila kanda: "Nitakuja, inshallah." Bibi aliiitikia redio, "Inshallah, mwanangu." Mimi neno hilo lilinichosha ningali mdogo kabisa. Nilidhani ni jina la mwezi, kama Rajabu na Shaabani, na nikawa nangoja tu wanaoutazama mwezi waje kutuambia umeandama.

Nilipochoka kungoja nikaamua kumwita. Nilihitaji wa buluu aingie ndani. Kwa mtoto hesabu hiyo ilikuwa nyepesi. Tatizo lilikuwa kipepeo mwenyewe.

Mara ya kwanza nilitumia kawa. Nilichukua kawa la Bibi la kufunikia chakula, nikamvizia wa buluu kwenye ukoka, nikamfunika, nikapitisha kipande cha boksi chini yake, nikamwingiza mpaka sebuleni. Nikafunua.

"Bibi! Bibi! Kipepeo kaingia!"

Bibi alikuwa akikuna nazi. Alikuja na mbuzi ya kukunia mkononi. "Kaingia au kaingizwa?"

"Kaingia, Bibi."

"Na kawa langu lafanya nini sakafuni?"

Nikaliokota kawa.

"Mgeni wa kuburutwa si mgeni, huyo ni mfungwa. Mtoe arudi kwao. Na kawa ukalioshe, ulikuwa umelitia kwenye mavi ya mbuzi."

Basi ikawa sharti aingie mwenyewe. Nilikaa kwenye mlango wa mbele asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kusema, nimeweka maua ya mbigili kwenye kizibo cha soda. Walikuja wakubwa, wakaja weupe, wakaja nyuki, akaja kuku akala maua. Wa buluu alifika mpaka chini ya baraza, akagusa ule ukuta, akageuka. Nyumba zetu mnazijua zilivyo, baraza ya mtu hufika kiunoni mwa mtoto. Yeye hapandi hapo. Nilimpandishia vijiti, nikamtandikia majani kama ngazi. Hapandi. Nilikaribia kulia kwa hasira. Kiumbe ana mbawa, Mungu kampa anga zima, na anashindwa na baraza!

Hamisi alipita na mpira wake wa makaratasi. "Bi Dudu, mgeni wako kafika?"

"Toka!"

"Mwambie apitie mlango wa uani, huko hakuna baraza."

Alikuwa anacheka, lakini alisema kweli, na sikuwahi kumshukuru. Mlango wa uani uko sawa na ardhi. Nikahamia huko. Na huko, kwa kukaa bila kazi, nikaanza kumjua.

Nilijua kwamba asubuhi na mapema hatokei hata ukimwomba. Hungoja umande ukauke, halafu hukaa na mbawa nusu wazi, anaota jua kama mzee mwenye baridi. Kusi likivuma kwa nguvu hulala chini kabisa ya ukoka. Jioni hupanda shina la nyasi, akageuka kichwa chini, akalala hivyo, na wenziwe wengine kwenye mashina ya jirani, unaweza kuwagusa. Nilijua kwamba wako wa kahawia pia, ukubwa ule ule, vitone vile vile, na buluu kidogo tu karibu na mwili. Kuhusu hao nilikuwa na maelezo yangu: ni wale wale wa buluu, lakini wamefuliwa sana. Kwani leso za Bibi hazikuwa hivyo? Mvua ikimpiga, jua likimpiga, rangi inatoka. Na hilo lilinitia hofu ya kweli. Kila nilipomwona wa kahawia nilifikiria lile gauni huko Uarabuni linavyofuliwa na kuanikwa, linavyofifia, na siku ile Mama akija sitamjua kwa sababu hatakuwa tena na buluu. Nilikuwa napigana na wakati, na hakuna aliyejua. Bibi alifikiri nacheza.

Kisha ikafika siku ya kusafisha uwanja. Kila mwaka kabla ya Maulidi mtaa mzima ulitoka na majembe, maana watu wangekaa kwenye mikeka usiku kucha na watoto wa madrasa wangetembea miguu mitupu. Adui wa Maulidi alikuwa mmoja: mbigili. Wanaume walilima, sisi watoto tuling'oa kwa mkono na kukusanya, na mafungu yakachomwa moto kando ya goli. Nikang'oa mmea mmoja, nikaugeuza, na chini ya jani, lile jani lake dogo kama la mkwaju, kulikuwa na kitu cha kijani kimelala. Kifupi, kinene, hakina miguu ya kuonekana. Kilikuwa kinakula jani upande wa chini tu, upande wa juu kimeuacha kama kioo. Na sisimizi wawili walikuwa wakikipapasa mgongoni, taratibu, kama mtu anayemkanda mzee.

"Kiwavi hicho, kitupe!" mtu mzima mmoja akanikemea. "Utawashwa!"

Hakikuwasha. Nilikitia pamoja na mmea wake kwenye mfuko wa gauni, miiba yote, nikakimbia nyumbani. Nyuma yangu mafungu ya mbigili yalikuwa yanawaka, na nilijua, sijui nilijuaje, kwamba kila fungu lina wenzake. Nilirudi nikamshika mkono yule mzee wa kuchoma moto. Alinipa shikio la kusikiliza kwa muda wa kupumua mara moja. "Wadudu? Bora waungue, mwanangu. Wape wenzio nafasi wachukue majani." Usiku ule watu walisoma Maulidi vizuri sana, ubani ukapanda, na mimi nililia nyuma ya mapazia ya wanawake mpaka Bibi akadhani ni mapenzi ya Mtume, akafurahi.

Mmea niliupanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia na kuliweka chini ya kitanda. Nilifikiri ni kitu cha kula tu kitakachomvutia wa buluu aje ndani. Sikujua bado kwamba huyo wa kijani ndiye yeye. Lakini sisimizi walijua. Sijui walimfuata kwa harufu au walitoka ukutani, ila siku ya pili walikuwa na njia yao: dirishani, chini ya kitanda, kwenye kopo. Na kutoka kopo, siku ya tatu, mpaka jikoni.

"Ewe Riziki!"

"Abee!"

"Njoo uone! Sukari yangu yatembea!"

Kweli ilikuwa inatembea. Bibi hakuuliza mengi. Alichukua mafuta ya taa na kitambaa, akafuata ile njia ya sisimizi akifuta na kusoma audhubillahi, kutoka jikoni mpaka chini ya kitanda, na alipofika kwenye kopo akalimiminia lote. Nilimshika nguo. Nikamwambia jambo ambalo mtoto wa Kiswahili hamwambii bibi yake. Nilimwambia, "Wewe hutaki Mama aje!"

Bibi aliinua uso. Mafuta ya taa yalikuwa yakimtoka kwenye vidole. Nilingoja kofi. Aliniambia tu, "Fungua madirisha, harufu ya haya itatuua," akaenda kunawa. Lakini jioni, bila ya kunitazama, alisema, "Kabati la sukari unaliona lilivyosimama?" Nikasema naliona. Miguu yake ilikuwa imesimamishwa ndani ya vikopo vya maji ili sisimizi wasipande. "Ukitaka kuweka kitu chako ndani ya nyumba yangu, nacho kisimame hivyo." Kisha akasema kule pembeni ya choo hajapalilia, jembe limemlemea.

Nilikwenda kesho yake, umande ulipokauka. Pembeni ya choo cha uani, ukutani, mbigili ilikuwa imetambaa mpaka kwenye mawe. Uwanja mzima ulikuwa mweusi kwa majivu, na hapa palikuwa na vitone vyeupe kwenye vichipukizi, vidogo kuliko punje ya chumvi, na kipepeo wa kahawia, yule "aliyefuliwa", amekunja tumbo lake anavipanda kimoja kimoja. Siku zote nilikuwa namkimbiza wa buluu. Mwenye kazi alikuwa huyu. Baadaye sana, sekondari, niliambiwa kwamba wa buluu ni dume. Nilikuwa namwita Mama kwa dume! Nilicheka peke yangu darasani mpaka nikatolewa nje.

Kopo la pili nililitia mbigili ya choo pamoja na mayai yake, nikalisimamisha kwenye bakuli la maji. Wa kijani wa kwanza alikufa na mafuta ya taa; wa pili akaanguliwa humo, akakua bila ya sisimizi, akanenepa, akafika siku akakataa kula. Alijibana kwenye jani, akawa kama punje ya choroko yenye manyoya, hatikisiki. Nikajua kafa. Nikamwambia Bibi kafa. Hamisi akajitolea kumzika, akatafuta na boksi la kiberiti liwe jeneza. "Mwacheni," Bibi akasema. "Hata wali hauivi ukiufunua funua."

Asubuhi moja niliamka, ile punje ilikuwa tupu, na kwenye wavu wa dirisha palikuwa na kipepeo. Wa buluu. Wa buluu kabisa, hajafuliwa hata mara moja.

Sikushika kawa. Sikugusa kitu. Nilitoka mbio mpaka jikoni, nikakusanya pumzi niseme vizuri maana nilitaka yaandikwe mbinguni: "Bibi, kipepeo wa buluu yumo ndani. Sikumwingiza. Hajaburutwa. Njoo uone mwenyewe. Ongeza mchele."

Bibi alikuja. Alimtazama pale kwenye wavu, anapiga mbawa zake, anagonga, anateleza, anagonga tena. Alitazama kopo. Alitazama bakuli la maji. Alikuwa na akili Bibi yangu, hakuna kilichompita. Akakaa kitandani, kitanda kikalia.

"Huyu kaingia saa ngapi?"

"Hakuingia, Bibi. Katoka humu. Humu koponi."

"Basi si mgeni," akasema.

Nilihisi kama nimepigwa. "Kwa nini? Yumo ndani!"

"Kazaliwa ndani. Aliyezaliwa ndani ni mwenyeji. Huyu hatuletei mtu, huyu ataka kutoka tu, akatembee. Mfungulie."

"Lakini Mama…"

Hapo ndipo alipoelewa. Nililiona likimfikia usoni, lile la mafuta ya taa na yote ya nyuma yake, kawa na ngazi za majani. Alinivuta akaniweka baina ya magoti yake. Mikono yake ilinuka nazi.

"Riziki, mamako kazaliwa chumba hiki. Kitanda hiki. Mkunga alisimama pale ulipoweka kopo lako. Tangu lini kipepeo akabisha hodi kwa ajili ya mwenye nyumba? Ukimngojea mamako kwa vipepeo, wewe ndiye uliyemfanya mgeni."

Wengine hapa mtasema ni maneno mazuri. Mimi sikuyaona mazuri. Niliona kazi yangu yote, mbigili zote vidoleni, imetupwa kwa hukumu moja. Kama kipepeo hamleti, nani atamleta? Nilifungua wavu kwa hasira, kipepeo akashuka, hakupanda, akashuka mpaka usawa wa magoti, akapita ua, akaenda kwenye mbigili ya choo. Hakuna aliyekuja siku ile. Hata jirani.

Mama alikuja, lakini baadaye sana, niko darasa la saba, likizo moja tu. Kipepeo hakuingia, nilihakikisha. Hakuwa na gauni la buluu, alikuwa na abaya nyeusi na manukato mageni, na mimi nilimpa mkono, nikasema, "Shikamoo. Karibu." Mama mdogo alitoa kabatini vikombe vya wageni. Bibi akavirudisha. Akaingia chumbani, akatoka na kikombe cha bati chenye mdomo uliobabuka, akakitilia chai. "Huyu ana kikombe chake," akasema. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, na kabla ya kwenda chooni aliomba ruhusa. Nilimwona Bibi akigeuza uso.

Sekondari mwalimu wa bayolojia alituchorea kipepeo ubaoni, yai, kiwavi, kifuko, kipepeo, na mishale ya kuzunguka. Kwenye mtihani nikachora hivyo, nikaongeza sisimizi wawili mgongoni mwa kiwavi. Aliwakata kwa kalamu nyekundu. Nilipokwenda kumwuliza alisema, "Hao wametoka wapi? Kitabuni hawamo." Nikamwambia wametoka Likoni. Nimekaa na hasira ile mpaka leo, na sioni aibu.

Bibi katutoka kabla ya Ramadhani iliyopita, Mungu amrehemu. Mama alifika tukiwa tumeshamzika. Safari hii anasema harudi tena Uarabuni, na namwamini, lakini sanduku lake bado liko karibu na mlango na nguo zimo ndani. Anapika vizuri, anatununulia vitu. Anasema "jiko lenu", "bomba lenu". Leo kasema "ua wenu". Simiti hii ni zawadi, najua. Ni zawadi ya mtu anayemletea mwenyeji kitu ili asionekane kaja mikono mitupu.

Na Hamisi anafikiri ninagombania wadudu.

Nimeshuka pale pembeni ya choo magharibi hii kabla ya kuandika. Wapo. Wamelala kwenye mashina ya ukoka, vichwa chini, niliwahesabu kwa kidole mpaka giza likanizuia. Uwanja hakuna, kwa majirani simiti tupu, baina ya hapa na barabara ya feri sijui kipande kingine cha mbigili. Kwingine anakokusema Mama ni wapi? Kiumbe asiyeweza kupanda baraza atavuka vipi mtaa?

Yale maneno ya Bibi pale kitandani sikuwahi kumwambia Mama. Mwanzo nilikuwa nimekasirika, kisha Mama hakuwepo, kisha yakawa makubwa mdomoni.

Kesho asubuhi nitaamka kabla ya Fundi Katana. Nitamwambia Hamisi asiguse turubai mpaka nimwite, aniite dudu lolote apendalo. Nitakitafuta kile kikombe cha bati, kimo nyuma ya kabati, nimtilie Mama chai, nimchukue mpaka pembeni ya choo na kumkalisha kwenye kigoda cha Bibi, chini, usawa wa magoti. Tutangoja umande ukauke. Najua mimi sina subira, lakini nitangoja. Wakianza kufungua mbawa nitamwonyesha kwanza wa kahawia, yule anayetaga, halafu wa buluu. Kisha nitamwambia alivyosema Bibi, neno kwa neno, na kitanda ni kipi. Akishasikia, kuhusu simiti aamue mwenyewe. Ua ni wake.